Leveli inayofuata maji ya mfongo

Katika mchezo wa Minecraft, ambako dunia nzima imejengwa kwa matofali ya mita moja kila upande, maji yanayotoka kwenye chanzo husambaa matofali saba tu juu ya ardhi tambarare, kisha hukoma. Ili yaendelee, sharti yashuke tofali moja. Yakishashuka, hupata nguvu ya kwenda saba mengine. Mchimba mfongo wa Uchaggani, miteremkoni mwa Kilimanjaro, angeielewa kanuni hiyo mara moja. Mfongo ni mfereji wa asili unaochepusha maji ya mto kule juu korongoni, ukayapitisha ubavuni mwa mlima hadi mgongo wenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba. Mteremko ukipotea, maji yanatuama; ukizidi, yanakula kingo. Kijana wa Kibosho au Marangu aliyekua akitumwa kufungulia maji siku ya zamu ya nyumbani anayo tayari nusu ya elimu ya mbunifu wa michezo ya kompyuta, na ni hasara kubwa kwamba hakuna anayemwambia.

Leveli ni sehemu ya mchezo yenye mwanzo, lengo na vikwazo vilivyopangwa kwa makusudi. Kuchora mandhari nzuri si kubuni leveli. Ubunifu huanza pale mtu anapoamua mchezaji atajua nini kwanza, atakosea wapi, na kosa hilo litamfundisha nini. Kazi hii haikuwa siri ya makampuni hata zamani: Lode Runner, mchezo wa mwaka 1983, uliuzwa pamoja na zana ya kutengenezea leveli, na Super Mario Maker wa mwaka 2015 ulikuwa hasa karakana ya leveli za wachezaji wenyewe.

Tuseme lengo ni kufikisha maji kwenye migomba kabla jua halijazama. Mchana wa Minecraft ni kama dakika kumi hivi, muda unaotosha kumtia mtu joto. Leveli ya kwanza iwe na mfereji wa matofali matano, maji yafike bila taabu, mchezaji afurahi. Ya pili iwe na matofali kumi. Maji yatakomea njiani, naye atakaa akiyatazama mpaka agundue mwenyewe kwamba lazima achimbe ngazi. Hapo hakuna maandishi ya maelezo yanayohitajika, kwa kuwa ardhi yenyewe imefundisha. Ya tatu iweke korongo katikati, ili atafute namna ya kuyavusha maji kama wazee walivyoyavusha kwa magogo yaliyochongwa mfereji. Jambo jipya moja kwa kila leveli linatosha. Anayeanza hupenda kurundika korongo, giza na maadui mahali pamoja, na mchezaji anaondoka bila kujua alishindwa na nini.

Kisha huja ndoo. Mchezaji akipewa ndoo atachota maji mtoni, atatembea hadi kihambani na kuyamwaga, na mfereji wote uliobuniwa kwa siku tatu utakuwa kazi bure. Kosa si lake, maana ametumia alichopewa. Mbunifu ndiye anayepaswa kuiondoa ndoo, au kuuweka mto mahali pasipofikika. Mianya ya namna hii haionekani kwa aliyeijenga leveli, kwa sababu yeye anaijua njia. Super Mario Maker ilimlazimisha mtengenezaji aimalize leveli yake mwenyewe kabla ya kuisambaza, lakini sharti hilo huthibitisha tu kwamba leveli inamalizika. Kipimo cha kweli ni kumkalisha mtu mwingine, dada, jirani, rafiki wa mtaa wa Majengo au Pasua mjini Moshi, halafu kunyamaza kabisa na kuandika kila anapokwama.

Kuhusu mpangilio wa safari ndefu, njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro ni somo lililo wazi. Kituo cha Mandara kiko karibu mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, Horombo 3,720, Kibo 4,720: kila baada ya mita elfu moja ya kupanda pana mahali pa kupumzika. Msitu unaishia, vichaka vinaanza, navyo vinaiachia nafasi nyika kavu ya mawe, hivyo mpandaji anatambua kwa macho kwamba ameingia hatua mpya. Hata hivyo, kuujenga mlima mzima ni mtego. Dunia ya Minecraft ina kimo cha matofali 384. Kwa kipimo cha tofali moja kwa mita 20, mita 5,895 za Kilimanjaro zinaingia katika matofali 295, lakini nyumba na mgomba vinatoweka. Mgongo mmoja wenye mfongo mmoja unatosha, na unapendeza zaidi.

Thamani ya kazi hii inavuka burudani. Tangu mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, limeshirikiana na watengenezaji wa Minecraft katika mpango wa Block by Block, ambamo wakazi hujenga ndani ya mchezo maeneo ya wazi wanayoyataka kisha wasanifu huyafanyia kazi. Uwanja wa Silanga, Kibera, ulikuwa miongoni mwa majaribio ya mwanzo.

Minecraft inauzwa. Asiye na fedha anaweza kutumia Luanti, uliojulikana kama Minetest hadi mwaka 2024; ni wa bure, na huchezeka kwenye kompyuta dhaifu na simu janja za Android. Kusambaza nako hakuhitaji bando. Dunia iliyojengwa ni mafaili yanayoingia kwenye flashi au kurushwa kwa bluetooth kutoka simu hadi simu.

Kutegemea seva za mbali pekee kuna hatari yake. Mwaka 2024 seva za mchezo wa LittleBigPlanet 3 kwenye PlayStation 4 zilifungwa moja kwa moja, na leveli ambazo wachezaji walizihifadhi huko kwa miaka mingi zikawa hazifikiki tena kupitia mchezo huo. Anayemaliza leveli leo Moshi aweke nakala mbili mahali tofauti, aandike kando toleo la mchezo alilotumia na maelekezo kwa Kiswahili, kisha ampe mtu wa tatu nakala nyingine.