Moti Zimejaa Sokoni Lodwar: Kabla Uposti Yako, Kaa Rada na Logbook

Ukiwa Lodwar siku hizi fungua simu, ingia Jiji ama Facebook Marketplace, tafuta Land Cruiser. Utapata. Tafuta Noah, utapata. Probox ndio usiseme. Na wengi wanaouza wanaandika kitu kimoja chini ya picha: "bei ya haraka".

Hii haraka iko na mwanzo wake. Januari 2025 Donald Trump alifunga mfereji wa misaada ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imezimwa. Watu waliongea sana kuhusu chakula, na ni haki, juu mgao wa WFP ulikatwa hadi wasee wa Kakuma wakaandamana. Lakini kuna hustle ingine iliguswa na hakuna mtu aliipigia kelele. Hapa kwetu ukipata mkopo wa sacco, ndoto ilikuwa nunua moti, kodishia shirika, kila mwisho wa mwezi doo inaingia. Sasa mkataba umekatwa. Mkopo haujakatwa.

So unauza. Fiti, lakini jua unauzia nani. Msee wa Nairobi akiona gari iko Turkana anawaza vumbi na mashimo. Kabla lami ije, barabara ya kutoka Marich Pass hadi Lodwar ilikuwa makaburi ya shokabu. Usijaribu kuficha. Piga picha chini ya gari, piga injini kabla haijaoshwa, rekodi video ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi. Onyesha risiti za fundi. Gari chafu yenye risiti inauzika kushinda gari inang'aa bila story. Ila usiposti picha ya logbook wala ya kitambulisho, juu kuna tapeli atazichukua auzie mtu mwingine hiyo gari yako akiwa kwa kitanda.

Mnunuzi akisema "niletee Kitale niione", hiyo ni karibu kilomita 300. Mafuta atume yeye, na mkubaliane itatolewa kwa bei akinunua. Kama amekataa kutuma hata ya mafuta, huyo hana pesa ya gari.

Kuhusu malipo, shika hii. M-Pesa haitumi zaidi ya 250,000 kwa mara moja, na laini yako haiwezi kushikilia zaidi ya 500,000. Kwa hivyo msee akikuonyesha meseji ati ametuma laki sita na nusu saa hii, hiyo ni meseji ya kuchorwa. Ata hauhitaji kubishana. Ingia kwa menyu ya simu yako mwenyewe uangalie salio. Na akipitishia benki, karatasi ya benki sio pesa. Ngoja benki yako wewe ikuambie imeingia, ndio utoe ufunguo.

Sasa mahali wengi wanalala. Cuzo yangu aliuzia msee Probox miaka mbili imepita. Walikuwa wanaaminiana, wakaandikiana karatasi, akapewa chapaa zake, akampa logbook mkononi. Hawakuhamisha jina. Miezi nane baadaye akapigiwa na polisi: gari yako imegonga mtu na ikatoroka. Yeye alikuwa Lodwar anauza maji. Kilichomwokoa ni ile karatasi na rekodi ya benki, na ata hivyo alienda kituo mara nne.

Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, inasema mwenye jina kwa usajili ndiye anahesabika mwenye gari, mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu cha 9 kinampa mnunuzi siku 14, baada ya hapo hafai kuendesha hiyo gari barabarani kabla asajiliwe. Kuhamisha kunafanywa kwa mfumo wa NTSA kupitia eCitizen: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali kwa akaunti yake, ada inategemea ukubwa wa injini. Ukikwama na mtandao, Huduma Centre iko hapa Lodwar. Fanyeni hiyo mkiwa mmekaa pamoja, sio "nitakufanyia Jumatatu".

Na hapa ndio Kakuma inakuwa ngori. Hii si kambi ya watu wanangoja tu kupewa. Mwaka 2018 IFC ilikadiria uchumi wa Kakuma kuwa bilioni 6 kwa mwaka, na biashara zaidi ya 2,000. Kuna mkimbizi ana duka la jumla na anahitaji gari ya mzigo kuliko wewe. Lakini kutoka nje ya Turkana lazima awe na kibali, kwa hivyo hawezi tu kuamka akaenda Eldoret kukagua gari. Kupata PIN ya KRA na kitambulisho cha mkimbizi inawezekana, ila inaweza kuchukua muda. Kwa hivyo anafanya nini? Anatuma pesa kwa beshte Mkenya, gari inaandikwa jina la beshte.

Siku wakikosana, ama beshte akufe na familia yake ije na cheti cha kifo, sheria inaanzia kwa jina lililo kwa logbook. Yale maneno "mpaka ithibitishwe vingine" ndio mlango peke yake amebakishiwa. Kwa hivyo ukiwa katika hiyo hali, anza na PIN kabla ya gari. Ikishindikana, andikiana mbele ya wakili, pesa itoke kwa akaunti yako na sio keshi, bima na risiti za spea zote zije kwako. Shirika Plan ilizinduliwa Machi 2025 na inaahidi kuunganisha kambi na wenyeji. Mi ningefurahi ikianzia hapa, kwa makaratasi ya kawaida hivi.

Kama bei ya kuuza inakuumiza, kuna kukodisha Noah kwa harusi, matanga, mzigo. Inalipa, lakini bima ya gari ya kibinafsi kwa kawaida haishughuliki na abiria wanaolipa. Uliza kampuni yako kabla, sio baada. Na wewe unayekodi, Lodwar hadi Kakuma ni karibu kilomita 120, kwa hivyo uliza mapema: bei ni ya kwenda tu, ama ni pamoja na gari kurudi tupu? Mafuta ni ya nani? Piga picha ya kilomita na geji ya mafuta mkianza.

Mvua ikinyesha, mkubaliane pia kuhusu lagga. Tarach ikijaa mnaweza kulala ng'ambo, na dereva atataka siku ya pili ilipwe. Wasee wengi wanajua hiyo story saa kumi na moja jioni, maji yakiwa tayari yamefika.