Wiki Tano za Mionzi



Tiba ya mionzi si sindano ya siku moja. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi hulala chini ya mtambo dakika chache tu, lakini ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano hivi. Wiki hizo ndizo zinazowavunja watu. Kwa miaka mingi hospitali ya umma yenye mtambo huo nchini ilikuwa Kenyatta pekee, kule Nairobi. Mgonjwa wa Lamu alihitaji nauli, pa kulala na mtu wa kumwuguza kabla hata hajauliza gharama ya tiba. Jirani zetu wa Uganda yaliwafika makubwa zaidi: mwaka 2016 mtambo wa Mulago uliharibika usitengenezeke, na mpya ukazinduliwa 2018.

Leo tiba hiyo inapatikana Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Alhamdulillahi. Safari imefupika, haikwisha. Atokaye Kipini bado atatafuta chumba mjini kwa wiki tano, na mgonjwa fukara ni katika wanaostahiki zaka. Kamati za misikiti zinazoshindana kwa mazulia zilifikirie hilo.

Nanyi waume, mke akieleza kuwa anatokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo. Daktari wa kike akikosekana, wa kiume anaruhusika kwa dharura.