Kabla ya Kulipa Tuisheni, Tumpime Kwanza Mwanafunzi

Mwezi Mei ndio mwezi wa mtihani wa kidato cha sita hapa Tanzania, na nyumba yenye mtahiniwa huanza kuhangaika mapema. Huyu anatafuta kituo cha tuisheni, yule anauliza kambi ya likizo, mwingine anamwita mwalimu aje nyumbani jioni. Tangu ada ya kidato cha tano na cha sita ilipofutwa katika shule za serikali mwaka 2022, wako wazazi walioona kwamba fedha iliyopona iende kwenye masomo ya ziada. Si vibaya. Ila sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa hupimwa kwanza, dawa hufuata. Mwanafunzi naye ni hivyo hivyo.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Tafuta karatasi ya mtihani wa mwaka uliopita ya somo linalomsumbua. Mwanao akae mezani kwa muda wa saa tatu, bila daftari na bila simu, aifanye yote. Mwalimu wake wa somo akiombwa aisahihishe, ni vizuri zaidi. Kisha wewe mama, hata kama Kemia hukuisoma, muulize mambo matatu: Maswali gani hukuyaelewa kabisa? Yapi uliyajua, lakini ukakosea kuyajibu? Yapi hukuyafikia kwa sababu muda uliisha?

Kama mengi ni yale ambayo hakuyaelewa, basi huyo anahitaji mwalimu. Hapo tuisheni ina faida, lakini kwa somo hilo moja au mawili, si kwa yote. Kituo chenye wanafunzi mia moja chini ya turubai hakitamsaidia, kwa kuwa kule naye atanyamaza kama anavyonyamaza darasani. Afadhali mwalimu mwenye wanafunzi wachache, anayewaacha waulize.

Kama aliyajua lakini alama zikapotea, kumwongezea mafundisho ni kumjaza maji aliyekwisha shiba. Huyo anahitaji mazoezi ya kujibu. Baraza la Mitihani la Taifa hutoa fomati ya kila somo, na hutoa pia taarifa zinazochambua majibu ya watahiniwa swali kwa swali na kuonyesha walikosea wapi. Zote ziko kwenye tovuti ya Baraza. Wanafunzi wanne wakikutana Jumamosi na karatasi za zamani, wakasahihishana kwa taarifa hizo, wamepata kitu ambacho wengi hawakipati kwa fedha.

Kama muda ulimwishia, au kama alisinzia katikati ya karatasi, tuangalie siku yake nzima. Mama mmoja tunayesali naye aliuza cherehani yake ili binti asome vituo viwili vya tuisheni. Binti alikuwa anarudi saa 2 usiku, anaosha vyombo, anaandaa sare za wadogo zake, ndipo anafungua kitabu saa 5. Akaletwa zahanati kwa maumivu ya kichwa na uchovu. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Wingi wa damu ulikuwa wa kuridhisha. Alipoulizwa analala saa ngapi, alisema saa 8 usiku, na kuamka saa 11 alfajiri. Ugonjwa wake ulikuwa usingizi. Mama yake alikaa kimya kidogo, kisha akamwondoa katika kituo kimoja, na vyombo akawapa kaka zake wawili ambao hawakuwa wamezoea kushika sufuria. Baada ya wiki tatu kichwa kiliacha kuuma, na mwalimu wake akasema sasa anauliza maswali darasani.

Tunalisema hili wazi, maana mara nyingi mtahiniwa wa kike hufanya mitihani miwili: ule wa Baraza na ule wa jikoni. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Kile alichosoma mchana akili hukipanga vizuri wakati amelala, kwa hiyo mwenye kukesha anapoteza hata alichokipata. Kahawa ya usiku na vinywaji vya kuongeza nguvu havichukui nafasi ya usingizi. Vidonge vya kukesha vinavyouzwa kwa kificho asivionje hata kimoja.

Yako na mengine ya mwili ambayo mama huyaona kabla ya mtu yeyote. Kama binti hupatwa na maumivu makali ya hedhi, mpeleke kituo cha afya miezi kadhaa kabla, apewe dawa inayomfaa, asije akaanza kuhangaika siku ya karatasi ya kwanza. Kama anakunja uso akisoma ubao, apimwe macho. Asubuhi ya mtihani asiondoke na njaa. Uji na kiazi vinatosha. Na kijana akianza kukosa usingizi kwa hofu, akakataa chakula, au akasema heri afe kuliko kufeli, usimcheke wala usimkemee. Kaa naye, usimwache peke yake, na siku hiyo hiyo mfikishe kwa mhudumu wa afya.

Ukiamua tuisheni, nenda mwenyewe ukaione. Fahamu nani anafundisha, mlango uko wazi au umefungwa, wako wangapi, wanatoka saa ngapi na wanarudi na nani. Binti asifundishwe peke yake chumbani kwa mwalimu, hata kama mwalimu huyo ni mtu anayeheshimika mtaani au kanisani. Mtoto wa kiume naye alindwe vivyo hivyo. Na akitokea mtu wa kuuza "mtihani uliovuja", mfukuze. Mara nyingi ni utapeli mtupu, na Baraza hufuta matokeo ya mtahiniwa aliyebainika kufanya udanganyifu. Kazi ya miaka miwili itapotea kwa karatasi moja ya uongo.

Mwisho, tuzungumze na baba watoto kuhusu lengo lenyewe. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 ni pointi 4 katika masomo mawili yanayohusika na kozi, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Ziko kozi zinazoomba zaidi ya hapo, kwa hiyo kijana aijue mapema kozi anayoitaka na masomo yake, asitawanye nguvu. Wala mlango si huo mmoja. Mwenye ufaulu wa kidato cha nne katika masomo manne, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, anaweza kuomba stashahada ya uuguzi. Sisi tuliopita njia ya stashahada tunazalisha akina mama na kuchoma chanjo kila siku, na waliotaka kuendelea na shahada wamekwenda baadaye. Kijana anayejua kwamba nyumbani atapokewa na matokeo yoyote huingia chumba cha mtihani mkono wake hautetemeki.

Basi Jumamosi hii, kabla hujatoa fedha, mpe karatasi moja, saa tatu na meza tulivu. Vyombo vya siku hiyo vioshwe na mtu mwingine.