Sokwe wa Gombe si wa Wageni Peke Yao

Ndugu mfanyakazi anapopata likizo yake ya mwaka huwa hahesabu sana fedha anapochangia harusi, anaponunua vitenge, au anapomfungashia shemeji yake mawese na dagaa wa Kigoma. Lakini mwambie mfanyakazi huyo huyo atumie sehemu ya akiba yake kwenda Gombe, atembee msituni kutwa nzima nyuma ya mwongozaji, naye atakujibu papo hapo kwamba hiyo ni anasa ya Wazungu. Jibu hilo ni la kasumba, na yafaa tulichambue bila kuoneana haya.

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kumcheka mtu. Alizaliwa na kukulia Ujiji, mji ambao Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, akasoma hadi Chuo Kikuu. Lakini alitimiza miaka 33 kabla ya kukanyaga Gombe, mahali palipo kilomita 16 hivi tu kaskazini ya Kigoma. Siku aliyofika aliwakuta wageni waliovuka bahari ili kuona kile ambacho yeye alikipa kisogo tangu utoto.

Na kilichoko huko si kidogo. Gombe ni hifadhi yenye eneo la kilomita za mraba 50 hivi, iliyopewa hadhi ya Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Hapo ndipo Jane Goodall, aliyefariki dunia mwaka 2025, alipoanza kazi yake mwaka 1960, na mwaka huo huo akamwona sokwe akipukusa majani ya kijiti ili akifanye chombo cha kuvulia mchwa kichuguuni. Hadi wakati huo wataalamu wengi walifundisha kwamba mwanadamu pekee ndiye atengenezaye zana. Fundisho hilo lilivunjwa katika milima ya ziwa letu, si katika maktaba za London.

Basi alipaye ada ya matembezi ya Gombe hununua nini? Hanunui kiti cha gari, kwani humo hutembei ila kwa miguu, ukipanda na kushuka mabonde. Hununua ujuzi wa mwongozaji. Huyu ndiye asikiaye mwito wa sokwe ng'ambo ya bonde akajua waelekea wapi, atazamaye kiota mtini akajua kililaliwa jana au juma lililopita, na amtajaye sokwe kwa jina, pamoja na mama yake na ndugu zake. Bila yeye, mgeni ataona miti na jasho lake mwenyewe.

Ujuzi huo haukuletwa umefungwa sandukuni. Mwezi Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka vijana wanne wa utafiti pale Gombe. Vijana hao waliachiliwa baadaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa. Kazi haikufa. Watanzania waliokuwa wasaidizi waliendelea kuwafuata sokwe na kuandika habari zao siku hata siku. Ikiwa leo utafiti wa Gombe unahesabiwa miongoni mwa tafiti ndefu kabisa za wanyama wa porini, sehemu kubwa ya sifa hiyo ni yao.

Msitu una masharti yake. Mgeni hasogei karibu zaidi ya mita 10, hali chakula mbele ya sokwe, na mwenye mafua huachwa nyuma, kwani magonjwa yetu huwaambukiza. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, unaofanana na polio, uliwaua na kuwalemaza baadhi yao. Watoto wadogo nao hawaruhusiwi kuwafuata sokwe. Kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la tatu hataiona Gombe ila kwa macho ya mwalimu wake. Mwalimu asiyekwenda atamfundisha nini zaidi ya picha ya kitabuni?

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Hakuna asemaye ada ya shule iguswe au mtu aingie deni. Lakini kiingilio cha raia ni kidogo mno kikilinganishwa na cha mgeni. Kinachovunja mgongo ni kukodi boti. Dawa ni mbili. Kwanza, tushirikiane: boti anayokodi mtu mmoja yaweza kugawanywa na walimu kumi, na mwenye subira aweza kupanda boti za abiria za Kibirizi zinazopita hapo zikienda vijijini. Pili, wahusika waweke siku maalumu za safari za wananchi wakati wa likizo za shule, kwa nauli inayojulikana mapema. Hifadhi inayotangazwa ng'ambo bila kumfikiria mwalimu wa Ujiji imemsahau mwenye mali.

Gombe imezungukwa na vijiji na mashamba, na uhai wa sokwe wake unategemea maamuzi ya maofisa wanaopanga matumizi ya ardhi na walimu wanaolea wakulima wa kesho. Mtu hawezi kukitetea kwa moyo kitu ambacho hajapata kukiona. Likizo ijayo, kabla hatujachangia harusi ya nne, tukae watu kumi, tuhesabu fedha zetu, na twende.