Nyumba ya Mkubwa Ina Wenyewe

Msomaji kijana, yako mazungumzo mawili ambayo hayaishi katika nchi yoyote inayojitawala. La kwanza ni juu ya kazi ya mkuu wa nchi: ametenda nini, na ameacha nini. La pili ni juu ya nyumba anamokaa: ina ukubwa gani, imepambwa vipi, na fedha za kuitengeneza zimetoka wapi. Husikika sokoni, garini, barazani, na hata bwenini baada ya taa kuzimwa. Hapana shaka umeyasikia, na labda umeyachangia.

Juu ya mazungumzo hayo watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja lasema kwamba si adabu kuuliza habari za nyumba ya mkubwa, kama vile mtoto mwenye malezi asivyohesabu matonge ya babaye. Kundi la pili huokota kila neno linalopeperushwa na upepo, huliongeza chumvi, kisha hulirusha kama jiwe. Makundi haya hugombana sana, lakini kwa hakika ni ndugu, maana yote mawili hayataki kujua. Mimi nayapinga yote mawili. Nasema kwamba nyumba ya mkuu wa nchi ni mali ya raia. Kwamba kuuliza hesabu yake ni haki ya raia na wajibu wake. Na kwamba jinsi mkubwa anavyolijibu swali hilo ni sehemu ya kazi tunayompimia.

Tuanze na nyumba yenyewe. Ikulu ya Nairobi ilijengwa mwaka 1907 iwe makao ya gavana wa Kiingereza. Zama hizo mwenyeji alitozwa kodi ya kibanda chake cha udongo, naye hakuwa na mahali pa kuuliza fedha zile zimefanya kazi gani. Mfano mwingine ni nyumba ya Sagana, katika nchi ya Nyeri. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka 1947, nyumba hiyo ilitolewa iwe zawadi yake ya arusi kwa jina la Kenya. Naye alikuwa katika safari ya huko mwezi wa Februari 1952, babaye alipofariki naye akawa malkia. Zawadi kwa jina la Kenya! Mkulima wa Nyeri alikuwa mtu wa Kenya, lakini nani alimwendea shambani kumwuliza kama ana nyumba ya kutoa? Baada ya uhuru nyumba ile ilirudi mikononi mwa nchi, na sasa imo katika hesabu ya makao ya Rais.

Basi tarehe 12 Desemba 1963 hatukubadili bendera peke yake. Tulibadili mwenye nyumba. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 1, yasema wazi kwamba mamlaka yote ni ya wananchi wa Kenya. Rais huingia Ikulu na sanduku lake, na siku yake ikifika hutoka na sanduku lake. Kuta na bustani hubaki. Yeye ni mkaaji, nasi ndio wenyewe. Mwenye nyumba anayeona haya kuuliza bei ya bati lililoezekwa juu ya nyumba yake mwenyewe, je, tumsifu kwa adabu au tumhurumie kwa woga?

Huenda ukasema: kuuliza kutafaa nini, na mkubwa ana nguvu? Ili nisikujibu kwa maneno matupu, twende Afrika Kusini, ambako swali la namna hii liliulizwa mpaka likafika mwisho wake.

Jacob Zuma alipata urais wa nchi hiyo mwaka 2009. Kwao Nkandla, katika jimbo la KwaZulu-Natal, alikuwa na boma lake mwenyewe. Serikali ilisema boma la Rais sharti lilindwe, na hilo ni neno la haki. Lakini chini ya jina la ulinzi yaliingia mambo mengine. Nchi ile ina afisa aitwaye Mlinzi wa Umma, ambaye kazi yake ni kuchunguza malalamiko ya raia juu ya serikali. Wakati huo afisa huyo alikuwa Bibi Thuli Madonsela. Mwezi wa Machi 2014 alitoa taarifa yake, akakadiria kwamba gharama za Nkandla zilifika randi milioni 246. Ndani yake alikuta bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe, banda la kuku, jumba la wageni, na uwanja wa mikutano wenye viti vya ngazi. Akauliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angeliuliza: kuku wanamlindaje Rais? Sikusema hayo ni maneno yake. Hiyo ndiyo maana yake. Akaamuru kwamba Rais alipe sehemu ya haki ya gharama za vitu visivyohusu ulinzi.

Tazama sasa jinsi wakubwa walivyojitetea. Mwaka 2015 Waziri wa Polisi alitoa taarifa yake akisema Rais hadaiwi hata senti, na kwamba bwawa lile ni akiba ya maji ya kuzimia moto. Bunge, ambamo chama cha Rais kilikuwa na wingi, likalikubali neno hilo. Lakini wabunge wa upinzani walikuwa wamekwisha kumwambia Rais usoni, humo humo bungeni mwezi wa Agosti 2014, arudishe fedha. Na raia hawakuliacha jambo lipoe. Kesi ikapelekwa Mahakama ya Katiba. Tarehe 31 Machi 2016 majaji wote kwa sauti moja waliamua kwamba Rais amekosa kuitii Katiba, na kwamba Bunge nalo limekosa kwa kumkinga. Hazina ikapiga hesabu: randi 7,814,155. Mwezi wa Septemba 2016 Rais alizilipa. Mwezi mmoja kabla ya hapo, katika uchaguzi wa serikali za miji, chama chake kilikuwa kimepoteza wingi wake katika Johannesburg na Tshwane. Mwezi wa Februari 2018 alijiuzulu, akiwa amesongwa na mashtaka mengine mengi pamoja na hilo.

Waweza kusema kwamba milioni saba ni kidogo mbele ya milioni 246. Ni kweli, ni kidogo. Lakini pima neno lililotendeka: raia walimshika mkuu wa nchi kwa habari ya banda la kuku, nao hawakutumia rungu wala jiwe. Walitumia taarifa iliyoandikwa, sheria, na uvumilivu wa miaka. Mtu atakayekuambia kwamba swali halina nguvu mbele ya mkubwa, mwambie asome habari za Nkandla.

Wako wanaotetea kimya kwa hoja ya usalama. Wasema siri za nyumba ya Rais zikitoka nje, adui atafaidika. Hoja hii ina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio hatari. Hakuna raia mwenye akili anayetaka kuonyeshwa mlango anaolalia Rais au idadi ya walinzi wake wa usiku. Bibi Madonsela mwenyewe hakudai Rais alipie kila kitu. Aliyakubali ya ulinzi, akayatenga yasiyo ya ulinzi. Bei ya zulia si siri ya jeshi. Anayeificha kwa jina la usalama analidhalilisha neno hilo, hata siku ya hatari ya kweli raia hawatamsadiki.

Wengine hutetea kwa hoja ya fahari. Nyumba ya mkuu wa nchi, wasema, ni uso wa taifa. Mgeni akiiona chakavu atatudharau. Sipingi kwamba nyumba ya umma itunzwe. Paa linalovuja lizibwe, na ukuta unaopasuka ujengwe. Lakini fahari isiyo na hesabu mwisho wake tumeuona. Mobutu Sese Seko alitawala Kongo tangu 1965 hata 1997. Kaskazini mwa nchi, katika msitu wa Gbadolite, alijenga majumba ya kifalme pamoja na kiwanja cha ndege chenye njia ndefu hata ndege ya Concorde iliweza kutua. Wageni waliliona jumba wakastaajabu. Je, walimheshimu Mkongo kwa sababu hiyo, naye mtoto wake hana dawa wala dawati? Mobutu alipokimbia mwaka 1997 majumba yale yaliporwa, na magugu yakaota ukumbini. Hakuna raia aliyeyalinda, maana hakuna raia aliyewahi kuambiwa ni yake.

Wazee wengine husema tu kwamba mkubwa aheshimiwe. Nawaunga mkono, kisha nawakumbusha methali yao wenyewe: mkubwa ni jalala. Maana yake, kila taka ya malalamiko huja kwake, naye huipokea. Asiyetaka kupokea maswali asitafute ukubwa. Cheo ni dhamana, na dhamana yaulizwa.

Nimesema mengi juu ya kundi la kimya. Sasa nageukia kundi la pili, na hapa nazungumza nawe hasa, maana vijana wengi wamo humo. Wao humpima kiongozi kwa picha ya lango la nyumba yake, wakadhani wamekwisha kumhukumu. Huo ni uvivu wa akili. Mzee Jomo Kenyatta alifanya kazi Ikulu, lakini jioni alipenda kurudi kwake Gatundu. Je, hilo peke yake lakuambia alitawala vyema au vibaya? Mwalimu Nyerere alisifiwa kwa kuishi kwa kiasi, na alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi kwao Butiama. Hata hivyo mpango wake wa vijiji vya ujamaa sharti upimwe kwa mavuno na maisha ya wanavijiji. Udogo wa nyumba yake hauwezi kuutetea. Nyumba ni shahidi mmoja tu, na hakimu mwema huwaita mashahidi wote: shule, hospitali, barabara, deni la nchi, na uhuru wa mtu kusema.

Vijana wa Kenya wamekwisha kuonyesha kwamba waweza kuwaita mashahidi hao. Mwezi wa Juni 2024 waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za nyumbani, wakauliza kwa nini mkate utozwe kodi ilhali ofisi za wakubwa zaneemeka. Tarehe 25 mwezi huo damu ilimwagika Nairobi, na vijana walikufa. Msiba huo hautakiwi kusahauliwa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Tarehe 5 Julai alitangaza tena kwamba bajeti za siri za ofisi kuu, pamoja na ofisi yake mwenyewe, zitaondolewa. Angalia vizuri: kilichouhoji mswada ule ni kuusoma. Na ahadi iliyotolewa haijitimizi. Kila mwaka bajeti inaposomwa, sharti awepo mtu wa kuuliza: je, lile neno la Julai limeshikwa?

Mtu huyo ni nani kama si wewe? Utakapofika miaka 18 utapewa kura, lakini akili ya kuuliza haitolewi pamoja na kitambulisho, huanza shuleni. Basi usikiapo habari ya nyumba ya mkubwa, usinyamaze wala usipayuke. Uliza mambo matatu. Kazi hii imegharimu kiasi gani? Ni ya lazima, au ya anasa? Nani aliiidhinisha, na kwa sheria ipi? Majibu yana mahali pa kutafutwa. Kifungu cha 35 cha Katiba chakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 chaamuru fedha za umma zitumiwe kwa uwazi. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huandika taarifa ambazo raia wengi hawajazifungua hata mara moja. Zifungue wewe. Ukikuta hesabu ni safi, sema hadharani kwamba ni safi, hata kama kiongozi huyo humpendi. Ukikuta ina tundu, sema hivyo hivyo, hata kama ni mtu wa kabila lako na jirani ya babako. Raia akifanya hivyo, atakuwa amemheshimu mkubwa kuliko wote wanaompigia makofi, kwa sababu amemchukua kuwa mtu mzima awezaye kujibu.