Mlimani na machela, majini na spika

KUTOKA KIHAMBANI
Na Gaudence Temba

Kijana wa Kilema akipata kibarua cha upagazi leo, wiki ijayo atakusimulia machela ya gurudumu moja kana kwamba ameiunda yeye. Ameiona ikiteremshwa kutoka Kibo, mgeni kafungwa juu yake, wanaume wakiishikilia isiwakimbie. Ameona mtungi wa oksijeni. Amemsikia mwongozaji akiwauliza wageni kila jioni kama kichwa kinauma na kama wamekula.

Kijana huyohuyo, Desemba ikifika na ndugu wakarudi kutoka Dar es Salaam, anashuka nao bwawa la Nyumba ya Mungu kula samaki na kupanda boti. Wanabeba spika, kreti mbili na jiko la mkaa. Plasta hata moja hawana.

Siwasemi watu; Desemba iliyopita nilikuwamo. Tulipofika katikati ya maji, binamu yangu, ambaye samaki humjua akiwa tayari kwenye sahani, alimwomba mvuvi amshikishe kambare. Kambare ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni, nao ulizama kiganjani mwake. Tulikuwa watu tisa na hatukuwa na kitambaa kisafi. Mvuvi alizima injini, akatutazama mmoja mmoja.

"Mangi, muziki wote huu mmebeba, bandeji hamna?"

Tulimfunga kwa soksi. Mkono ulivimba, na Krismasi nzima alinywea mbege mkono wa kushoto.

Nimeitafakari ile soksi, nikaona sababu haitupendezi. Sanduku la huduma ya kwanza la mlimani lipo kwa kuwa mgeni amelipa dola, na akidhurika kuna atakayeulizwa. Bwawani tunakwenda sisi kwa sisi, hakuna wa kumuuliza mwenzake. Na wala si maji ya ugenini. Yanayoponyoka kwenye mifongo yetu ya kumwagilia huteremka hadi mto Himo, yakaingia Ruvu, na Ruvu ndio mmoja wa mito miwili inayolijaza bwawa hilo lililojengwa miaka ya 1960. Mwingine ni Kikuletwa.

Usitegemee kwamba msaada utakuja mbio. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege yenye watu 43 ilipoanguka Ziwa Victoria, jirani kabisa na uwanja wa Bukoba, waliowahi walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Hiyo ni pembeni mwa mji. Katikati ya Nyumba ya Mungu, mwokoaji wako ni yule uliyepanda naye.

Kwa hiyo jitengenezee sanduku lako la huduma ya kwanza. Anza na chombo cha kuwekea vitu, dawa baadaye. Sanduku la bati hupata kutu na boksi la karatasi hulowa. Mimi natumia ndoo ya rangi ya lita 4 iliyooshwa vizuri, mfuniko wake unabana na ikidondoka inaelea. Ijaribu kwanza: weka gazeti ndani, ifunge, ikandamize kwa jiwe kwenye pipa la maji usiku kucha. Gazeti likilowa (hata kama ni hili), tafuta ndoo nyingine.

Ndani weka gozi nyingi kuliko unavyodhani zinatosha, bandeji za kuviringisha, plasta, glavu, mkasi, kibano, sabuni na chupa ya maji safi ya kuoshea jeraha. Paracetamol na pakiti za ORS, maana jua la kule chini halina huruma ya Kilema. Filimbi na tochi. Shuka kavu kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu aliyeopolewa majini hutetemeka hata penye joto. Kanga moja ya kuning'inizia mkono uliovunjika. Mwenye pumu aweke pampu yake humo, si kwenye mkoba uliobaki garini. Ndoana ikizama mwilini usiivute, jino lake la nyuma litachana nyama. Kata mshipi, funika, nenda hospitali.

Kuna jambo ambalo haliwezi kukaa ndooni. Bado nasikia watu wakisema aliyezama abanwe tumbo au aning'inizwe kichwa chini ili maji yatoke. Hizo ni dakika za uhai wake mnazichezea. Kama hapumui, mlaze chali, mpulizie pumzi kwanza, kisha mkandamize kifua mara 30, pumzi 2, na msiache, huku mwingine akipiga 114 na boti ikirudi ufukweni. Jifunzeni hili nchi kavu. Na majaketi okozi huvaliwa. Siku ile sisi tuliyakalia kama mito.

Ndoo yangu sasa hukaa nyuma ya kiti cha gari. Juzi mke wangu aliifungua akidhani ni rangi iliyobaki ya ukuta wa jikoni. Hakusema kitu, ila kanga ameichukua. Anasema alikuwa akiitafuta tangu Pasaka.