Vinanda visizime sauti ya mwimbaji

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwa watayarishaji wa muziki humu nchini kwamba wimbo wa mtu mmoja na chombo kimoja ni wimbo ambao haujakwisha kutengenezwa. Anayefika studio na gita lake na sauti yake huambiwa kwamba ameleta mifupa mitupu, na kwamba sharti itafutwe nyama ya kuifunika: kinanda cha umeme, ngoma za kompyuta, waitikiaji watatu au wanne. Naipinga dhana hiyo, na shahidi wangu ni albamu iliyotolewa mwaka wa 1993 ambayo hadi leo haijachuja.

Naizungumzia En Mana Kuoyo ya marehemu Ayub Ogada. Jina hilo, kwa lugha ya Dholuo, maana yake ni kwamba ni mchanga tu. Ndani yake mna nyatiti yenye nyuzi nane, sauti ya mwanamume asiyekuwa na haraka, na midundo michache ya kusindikiza. Basi. Mimi ni mtu wa Karurumo, huku Embu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na lugha niliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama ni Kiembu. Dholuo yangu haivuki salamu. Hata hivyo, sijui albamu nyingine ya Mkenya ambayo nimeisikiliza mara nyingi kama hiyo, na najua majirani wawili watatu, wakulima wa kahawa wasiowahi kufika ng'ambo ya Nakuru, ambao waliponitembelea na kuisikia waliomba nisiizime.

Kwa nini? Swali hili linanishughulisha, kwa sababu jibu tulilozoea kupewa, kwamba muziki hupendwa kwa maneno yake, halitoshi hapa.

Chukua wimbo wa Kothbiro, unaojulikana kuliko zote. Kabla mwalimu mmoja mwenyeji wa Siaya hajanieleza maana, nilikuwa nimekwisha kuhisi kwamba ndani yake kuna mtu anayeitwa arudi nyumbani upesi, na kwamba anayemwita anampenda. Nilipoelezwa, nilikuta mambo ni hayo hasa: mvua inakuja, ng'ombe warudishwe bomani. Nani hapa Karurumo asiyelijua jambo hilo? Mwezi wa Aprili au Novemba, wingu linapotanda ghafla, utasikia kila boma likipiga kelele: anueni maharagwe, fungueni mbuzi, leteni nguo! Sauti ya mama wakati huo ina ukali na ina huruma, vyote kwa pamoja. Ogada aliipata sauti hiyo bila kuipandisha hata kidogo. Lau angaliwekewa tarumbeta na waitikiaji, tungalisikia sherehe, na yule mama angalipotea.

Na hapa sibahatishi, kwa kuwa wimbo huohuo uliwahi kupigwa kwa namna nyingine. Katika miaka ya 70, Ogada akijulikana bado kwa jina la Job Seda, alikuwa katika bendi ya vijana wa Nairobi iliyoitwa Black Savage, nayo ilirekodi Kothbiro kwa vyombo vya umeme kama ilivyokuwa mtindo wa siku zile. Mpinzani wangu atakimbilia kunikumbusha kwamba mwaka wa 2018 Kanye West wa Marekani aliichukua rekodi hiyo ya bendi, si ile ya nyatiti, akaikata kipande na kukitia katika wimbo wake. Nakubali, rekodi ya bendi si mbaya. Lakini msikilizaji na azisikilize zote mbili usiku mmoja, aniambie ni ipi iliyomfanya aache alichokuwa akifanya. Watengenezaji wa filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka wa 2005 na ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa humu Kenya, walipotaka muziki wa kubeba msiba wa mtu aliyefiwa na mkewe, walichukua ule wa nyatiti.

Yafaa tukumbuke pia jinsi mtu huyu alivyofikia upole huo. Mwaka wa 1986 aliondoka akaenda Uingereza na nyatiti yake, akawa akipiga barabarani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi mjini London. (Alikuwa tayari ameonekana katika filamu ya Out of Africa ya mwaka wa 1985, lakini sura ya filamu hailipi kodi ya nyumba.) Mfikirie msafiri anayekimbilia treni. Hajui Dholuo, hajui Kisumu iko wapi, na ana dakika mbili. Mwimbaji wa hali hiyo ana njia mbili: apige kelele kuwashinda wengine, au apige kitu cha kweli ambacho mtu atageuka kukitazama. Ogada alichagua ya pili, na mwishowe waliogeuka ni watu wa tamasha la WOMAD, na baadaye kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel, iliyoitoa albamu hiyo.

Wako wanaosema kwamba kwa sababu hiyo muziki wake ni wa kuwafurahisha Wazungu. Ni kweli kwamba uliwafikia wageni kabla ya kutufikia sisi. Katika vibanda vya kanda vya mjini Embu, miaka ile ya 90, sikuuona hata siku moja. Lakini kosa la kibanda si kosa la wimbo. Tena wanaosema hivyo hawaijui nyatiti. Mpigaji wa jadi, ambaye Waluo humwita jathum, huketi kwenye kigoda kifupi, akavaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kuigonga nayo fremu ya chombo chake, huku njuga zikilia mguuni. Ni mtu mmoja anayefanya kazi ya bendi nzima. Katika sherehe, msikilizaji huweza kumsimamisha, akatoa pesa na kujisifu mwenyewe na jamaa zake. Ndiyo desturi iitwayo pakruok. Ni desturi tamu. Ogada aliacha ufundi wa vidole kama alivyoukuta, ila kwenye albamu hii hakuna anayesifiwa kwa sababu ametoa pesa. Pale pa tajiri wa sherehe pamebaki wazi, na nafikiri hapo ndipo msikilizaji wa Karurumo anapopata mahali pa kukaa.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka wa 1952, alikuwa na gita moja na Kiswahili chake, na wapigaji wa Kenya walishinda wakijifunza vidole vyake. Siku hizi huku kwetu mtu mmoja na gita maana yake ni mugithi, ambapo wanywaji hushikana viunoni na kujipanga kama mabehewa. Sina ugomvi na mugithi. Hata mimi nimewahi kuwa behewa. Lakini ule ni muziki wa kuwachezesha watu, na hauhitaji mwimbaji awe na neno lake mwenyewe moyoni.

Linalonisukuma kuandika haya ni kijana mmoja wa hapa Karurumo. Ana gita alilolinunua kwa pesa za kuchuma kahawa, na ana nyimbo saba za Kiembu alizozitunga mwenyewe. Mmoja unamhusu baba anayerudi kutoka kiwandani na karatasi ya malipo mfukoni, asitake mkewe aisome. Nilimsikia akiuimba jioni nje ya duka, na wanaume waliokuwa wakibishana juu ya siasa walinyamaza. Kisha akaenda studio fulani, akalipa, akarudi na wimbo mwingine kabisa. Ngoma ya kompyuta inapiga tangu mwanzo hadi mwisho, sauti yake imepakwa mwangwi, na pale anapotaja ile karatasi kinanda kinapanda juu yake. Aliniambia kwamba alielezwa kuwa bila hayo redio haziwezi kuupiga.

Labda alielezwa kweli, na hilo ndilo linaloniudhi. Enzi za Sauti ya Kenya, idhaa ya taifa ilitupigia nyimbo za Waluo, Wakamba, Wakikuyu na Waluhya kwa zamu, nasi tulizipenda bila kuuliza tafsiri. Tangu mwaka wa 2000, vilipoanza kuzuka vituo binafsi vya lugha za mama, kila jamii imepata redio yake, na hilo ni jema kwa lugha zetu. Lakini wimbo hauvuki tena mpaka kwa urahisi. Mtoto wa Embu anaweza kukua bila kusikia nyatiti, na mtoto wa Siaya bila kuzisikia ngoma ndefu za Wachuka, majirani zetu. Kwa hiyo mtayarishaji hutafuta kinachofanana kila mahali, yaani mdundo ule mmoja wa kompyuta, akidhani ndicho kitakachouvusha wimbo. Ogada, aliyefariki Februari mwaka wa 2019, aliuvusha wimbo wa Dholuo hadi London na hadi kwenye kibaraza changu bila mdundo huo.

Kijana huyu bado ana rekodi nyingine ya wimbo wa karatasi ya malipo, aliyoichukua kwa simu jikoni kwa mama yake kabla ya kwenda studio. Kuku wanasikika, na mahali fulani mtu anaangusha sufuria. Nawaomba watangazaji, wa Kiembu na wa Kiswahili, wamtengee dakika nne baada ya taarifa ya habari ya usiku, nao waipige hiyo ya jikoni.